Keria ya Baiskeli Nne

Mwanangu,

Mama yako amekwisha kukuambia ya blanketi, ya sanduku, ya kutovaa viatu vyenye maji na ya kuandika nyumbani kila mwisho wa mwezi. Mimi sitayarudia. Ninaandika mchana huu wa Jumapili, wewe ukiwa umekwenda Chepilat kumuaga nyanya yako, kwa sababu kesho asubuhi utapanda basi la Nairobi, na mbele ya watu nitakuwa na maneno ya kawaida tu. Nimejaribu mara tatu kukueleza haya kwa mdomo. Mara ya mwisho tulikuwa wawili tu karakana, unanishikia taa, na nikaishia kukuomba spana.

Unakwenda kujifunza ufundi wa magari. Hapa kiwandani wanasema umenifuata mimi. Basi ujue unamfuata nani.

Mwaka ule kabla ya Uhuru, nilikuwa nimepewa karakana ya kiwanda miezi mitatu tu. Fundi mkuu aliyenitangulia alikuwa Mhindi, na alipoondoka meneja, Mzungu mrefu asiyecheka, alisema mbele ya wafanyakazi wote kwamba ananijaribu. Hilo neno nililala nalo na kuamka nalo. Nilikuwa na miaka ishirini na saba, nimemwoa mama yako karibuni, na tulikuwa tumehamishwa kutoka chumba kimoja kule kwenye laini za wachuma majani tukapewa nyumba hii ya mawe unayoijua. Mama yako alikuwa na mimba yako.

Ndugu yake mama yako, Zablon, alikuwa anafanya kazi ya kukausha majani hapo hapo kiwandani. Alikuwa kijana mwembamba, mpole, na juu ya baiskeli alikuwa mtu mwingine kabisa. Mashamba ya chai yalikuwa yakishindana mbio za baiskeli, na mwaka ule mbio zilipangwa kufanyika Chepseon. Kutoka hapa Mogogosiek hadi Chepseon ni mbali. Ukienda kwa kukanyaga pedali utafika miguu imekwisha. Meneja akakubali kutoa gari la kampuni, stesheni wagoni ndefu, liwapeleke waendeshaji wanne pamoja na baiskeli zao. Akaniita ofisini, mimi na dereva wake Kirui, tumwambie baiskeli nne zitabebwaje.

Kirui alikuwa Mkipsigis wa upande wa Bomet, amenizidi miaka kama kumi, na gari lile alilijua kama mtu anavyomjua ng'ombe wake. Alisema zifungwe juu ya paa. Ni kazi kuzipandisha, alisema, lakini paa linakaa juu ya magurudumu manne na haliendi popote. Meneja hakutaka paa lake likwaruzwe. Kulikuwa na keria za dukani kule Kericho, za kuning'iniza kwenye mlango wa nyuma kwa mikanda ya ngozi, lakini hizo zilibeba baiskeli mbili, tena nyepesi, si zile zetu za chuma kizito. Hapo ndipo niliposema kwamba nitaunda keria ya kukaa kwenye ndoano ya trela, ile yenye kichwa cha mviringo nyuma ya gari, ibebe zote nne kwa mpigo, na mlango wa nyuma ubaki bila kuguswa. Meneja akaniangalia kwa mara ya kwanza kama mtu mwenye akili.

Kirui hakubishana. Aliniuliza tu tulipotoka nje: "Fundi, ndoano hiyo imetengenezwa kuvuta. Itaweza kubeba?"

Nilimwambia awaachie mafundi mambo ya ufundi.

Utakuja kuulizwa swali kama lile, kwa hiyo nikueleze nilichokuwa sikijui, au nilichokijua nikakipuuza. Trela ina magurudumu yake, uzito wake uko chini yake. Keria haina. Kila kilo iliyo juu yake inaning'inia kwenye ndoano, na kadiri baiskeli inavyokaa mbali na gari ndivyo inavyozidi kuwa nzito, hata kama kwenye mizani haijabadilika. Baiskeli ya nne, ya mwisho kabisa, inakamua chuma kuliko zile mbili za kwanza zikiwekwa pamoja. Halafu kuna barabara. Gari likisimama uwanjani, uzito ni ule ule. Likiingia shimoni, uzito unaruka na kurudi kama nyundo, na katika barabara zetu za marram, za changarawe, zinazokunjwa na magari kama ubao wa kufulia, nyundo hiyo inapiga siku nzima mahali pamoja. Na kichwa cha mviringo kinapenda kuzunguka, kwa hiyo keria inahitaji mkono wa pili wa kuishikilia kwenye chasisi. Huo mkono niliuweka. Nilikuwa najivunia huo mkono.

Kosa lilikuwa kwenye shina, kile chuma kinachotoka kwenye ndoano na kusimama kubeba kila kitu. Kilitakiwa kuwa chuma kilichojaa ndani. Mwenye duka la vyuma Kericho aliniambia atakipata baada ya wiki moja, na mbio zilikuwa Jumapili iliyofuata. Ningeweza kwenda kwa meneja nimwambie tufunge juu ya paa. Nilikata bomba la zamani la mvuke lililokuwa limelala nyuma ya boila, nikalichomelea, nikalisafisha kwa tupa, kile chuma cha kusugulia vyuma, mpaka likang'aa.

Ijumaa tuliijaribu uwanjani. Nilining'iniza baiskeli mbili, nikasimama mwenyewe juu yake nikarukaruka, Kirui akalizungusha gari kiwandani mara mbili. Watu walitoka kwenye kupima majani wakaja kuangalia. Meneja alisimama kwenye ngazi ya ofisi na kuitikia kwa kichwa kwamba ni vizuri. Jioni, nilipochukua brashi kuipaka rangi nyeusi, niliona ufa. Ulikuwa mwembamba kama unywele, mahali shina linapokutana na bamba la ndoano, umekwenda kama robo ya mzunguko. Niliupitishia ukucha, ukucha ukakwama.

Nilijua ni nini. Sitaki uje ufikiri kwamba baba yako hakujua. Ningekata na kuanza upya ningemaliza usiku wa manane, na Sabato yetu ya Jumamosi ilikuwa inaingia, na keria ilikuwa imekwisha kusifiwa. Nilijiambia kwamba ni ngozi ya juu tu, chini chuma kiko sawa. Nikachovya brashi nikapaka, mara ya kwanza, na mara ya pili.

Jumapili tulikwenda. Mimi nilikaa kiti cha nyuma kabisa, nimegeuka kuangalia kioo cha nyuma, na kutoka hapa mpaka Litein na kutoka Litein mpaka Kericho sikuona chai wala watu, niliona bomba lile tu. Keria ilifika Chepseon salama. Nikapumua. Nilianza kuamini kile nilichojiambia.

Zablon alishinda. Aliwaacha wenzake kwenye mlima wa mwisho, akaingia sokoni peke yake, amejaa matope mpaka kwenye meno. Zawadi ilikuwa baiskeli mpya, nyekundu, na hapo ndipo ilipoanza shida, kwa sababu sasa tulikuwa na baiskeli tano na keria ya nne. Wale vijana wengine walianza kuifunga juu ya zile nne kwa kamba. Mimi nikakataa. Nilisema kwa sauti, watu wote wakisikia, kwamba keria hii ni ya nne na haitabeba tano hata siku moja. Mtu mmoja wa shamba lingine alisema, huyu ndiye fundi, anajua mipaka ya kazi yake.

Nimeifikiria sentensi ile miaka kumi na saba. Niliikataa ya tano kwa sababu ya ufa. Ningetaja sababu, wangeshusha zote nne tukazitafutia lori. Nilichukua kile kipande cha ukweli kilichonipa sifa, nikaficha kile cha aibu. Na kwa kuwa ya tano haikuwa na mahali, Zablon alicheka akasema hakuna neno, ataiendesha mwenyewe mpaka Kericho nyuma ya gari, miguu bado iko moto. Waendeshaji wote hufanya hivyo, hukaa karibu na gari ili wakingwe upepo.

Mvua ilikuwa imenyesha kidogo. Kirui alikwenda polepole, kwa sababu alimwona Zablon kwenye kioo. Unasikia ninavyosema? Polepole. Kwenye mteremko mmoja kabla ya Kericho kulikuwa na mfereji umekata barabara. Magurudumu ya mbele yakaingia yakatoka, ya nyuma yakaingia, na nikasikia kitu kama tawi kavu linapokatika. Keria ilipotea machoni pangu. Niliona ile baiskeli nyekundu inapanda juu, na sikumwona Zablon.

Alikuwa amegonga rundo lile la vyuma akarushwa kwenye mawe ya ukingo. Hakulia. Tulimbeba mimi na Kirui, tukamlaza kwenye kiti cha nyuma, kichwa chake juu ya mapaja yangu. Kabla ya kuingia kwenye gari Kirui alirudi mara moja barabarani kuvuta vile vyuma pembeni ili gari lingine lisivikanyage. Alikawia kidogo pale, ameinama. Kisha akaja tukaondoka. Zablon aliishia njiani. Sikumwambia Kirui. Nilimwacha aendeshe mpaka hospitali akidhani bado tuna sababu ya kuharakisha.

Mama yako nilimwambia mimi, mlangoni hapa. Alishika tumbo lake kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba debe la maji linalotaka kumwagika.

Jumanne meneja aliniita, na Kirui alikuwa amesimama karibu na mlango, kofia mkononi. Wale vijana watatu walikuwa wamekwisha kuulizwa, wakasema hawakuona kitu, walikuwa wanazungumza. Meneja akaniuliza kama keria ilikuwa na kasoro.

"Hapana, bwana," nilisema. "Ilikuwa nzima. Tuliingia kwenye mfereji kwa mwendo mkali."

Sikumwangalia Kirui. Meneja alimuuliza kama ana la kusema. Nilisikia mashine za kusaga majani kule chini, kisha Kirui akasema kwamba alikwenda polepole. Hakusema jingine. Aliachishwa kazi siku hiyo, na kwenye cheti chake wakaandika uzembe, neno ambalo hakuna kampuni ya chai ingemwajiri nalo. Ijumaa walitoa vitu vyao nyumbani. Mke wake alipita mbele ya karakana amebeba sufuria kichwani na mtoto mgongoni, akaniamkia, maana hakujua. Nilimjibu.

Wewe ulizaliwa wiki tano baadaye, na mama yako akakupa jina la ndugu yake. Kila nilipokuita kwa chakula nilimwita yeye. Umekua katika nyumba ya mawe ambamo ningefukuzwa. Umesoma shule ya kiwanda ambamo watoto wa Kirui walitolewa. Nilikuwa fundi mzuri baada ya hapo, mwanangu, fundi mwangalifu kuliko wote, na watu walidhani ndiyo tabia yangu. Kila kazi niliyoichomelea niliipitishia ukucha. Haikunisaidia kitu. Uangalifu wa baadaye haushuki kwenda kurekebisha ya nyuma.

Pengine ningekufa nalo. Lakini siku moja ukiwa darasa la sita ulikuja karakana na wenzako wawili, na nilikuwa chini ya trekta, hukujua kwamba ninasikia. Ukawaambia, baba yangu hajawahi kutengeneza kitu kikavunjika. Nilibaki chini ya trekta mpaka mkaondoka. Wiki ile ile nilipanda gari kwenda Bomet, nikaulizia, nikafika kwa Kirui.

Alikuwa anarekebisha ua wa ng'ombe. Mvi zilikuwa zimemjaa. Aliniletea kiti, mke wake akaniletea mursik, maziwa yao ya kibuyu, nikaishika bila kunywa na nikamweleza yote, bomba, ufa, rangi. Alinisikiliza akiendelea kufunga waya.

"Rangi ilikuwa ndani ya ufa, fundi," alisema nilipomaliza. "Niliiona pale barabarani. Chuma kikivunjika leo ndani kinang'aa. Kile kilikuwa cheusi kwa rangi."

Nikamuuliza kwa nini hakusema ofisini.

"Ningesema mimi, ingekuwa dereva anajitetea. Lilikuwa neno lako. Nilikungoja pale ofisini. Nilikungoja mpaka Ijumaa tulipofunga mizigo. Baadaye nikaacha kungoja."

Nilimwomba msamaha. Alisema ninywe maziwa nirudi kabla ya mvua, na nisirudi tena. Hakusema kwa hasira. Nilikunywa.

Nilikwenda kwa meneja wa sasa, Mwafrika mwenzetu, nikaandika maelezo na kutia sahihi. Alishangaa kwamba ninachimba mambo ya zamani namna hiyo. Aliyaweka kwenye faili, akaandika barua ya kufuta lile neno la uzembe. Nilijua nimeambiwa nisirudi, lakini niliipeleka mwenyewe. Mke wa Kirui aliipokea langoni, akaikunja akaitia ndani ya leso. Kirui alikuwa hawezi tena kuendesha gari, macho yalikuwa yameharibika. Mimi sikufukuzwa. Nilingoja kufukuzwa, na hakuna aliyejali kiasi hicho.

Mama yako nilimwambia jioni ile niliyotoka Bomet. Alipakua chakula, akawalisha ninyi, akaniwekea na mimi. Hakunisemesha tangu mvua za masika mpaka chai ilipopunguzwa matawi. Unakumbuka msimu ule ulituuliza kama kuna aliyefiwa. Aliporudi kusema, alisema hivi: "Nimebaki kwa ajili ya watoto. Siku Zablon atakapoondoka nyumbani utamwambia wewe. Mimi sitakusemea."

Kwa hiyo hii barua si wema wangu. Ni amri yake, na nimeichelewesha mpaka siku ya mwisho, jinsi nilivyo.

Sijui nikushauri nini. Utafundishwa na watu wenye vyeti, na watakuambia habari za vyuma kuliko ninavyojua mimi. Mtu akikuletea gari lenye ndoano akitaka kubeba baiskeli nne, muulize ni baiskeli gani na barabara gani, uwe radhi kumwambia abebe mbili, au afunge juu ya paa, au aende kwa mwingine. Weka nzito karibu na gari. Simamisha gari baada ya maili chache uguse kila bolti kwa mkono wako. Hayo ni rahisi, hata mimi nilikuwa ninaweza kuyafanya. Kigumu ni ile saa ya jioni uko peke yako na brashi, na watu wamekwisha kukusifu. Kwa saa hiyo sina dawa. Ninachojua ni kwamba inapita upesi sana, na anachosema mtu wakati huo anajisemea mwenyewe kwa sauti tamu.

Nilikuwa nimefika hapa, nimetia sahihi. Mama yako akaingia, akaomba asome. Amesoma amesimama dirishani, karatasi zote, polepole. Amezirudisha mezani na kusema, "Haijaisha." Kisha ametoka kwenda kuchambua mboga. Nimeshika kalamu tena, kwa maana ninajua ni kipi anachosema: nilimwambia yeye jioni ile ya Bomet, na hata leo nilikiruka.

Ijumaa ile jioni sikuwa peke yangu. Zablon alipita karakana kuchukua baiskeli yake. Nilikuwa nimechovya brashi, bado sijaipaka. Aliinama, akaweka kidole pale pale kwenye shina, akaniuliza, "Shemeji, huu mstari ni wa nini?"

Nilimwambia ni alama ya tupa.

Alisema, "Sawa," akachukua baiskeli yake akaenda zake.

Baba yako.